Kuuliza Hati kwa Akili Mnemba: Faida Yake na Hadhari Zake

Katika makabati ya shule na makanisa mengi ya nchi zetu mna hati zilizokusanywa kwa miaka mingi: vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kumbukumbu za mikutano ya wazee wa kanisa, barua za walimu, madaftari ya shule, na magazeti yaliyopigwa chapa na misheni tangu gazeti la Msimulizi lilipoanza Unguja katika mwaka 1888. Hati hizo ni hazina, lakini ni hazina iliyofungwa. Mtu atakaye kujua neno moja tu, kama vile desturi fulani iliachwa lini, au neno fulani lilikuwa na maana gani kwa babu zetu, hana budi kufungua jalada baada ya jalada, na mara nyingi huchoka kabla hajalipata.

Siku hizi kimetokea chombo kiwezacho kumsaidia. Mtu hukipa hati zake zilizogeuzwa kuwa maandishi ya kompyuta, kisha hukiuliza swali kwa maneno ya kawaida kama amwulizavyo mwenzake, nacho humjibu kwa sentensi kamili na kumwonyesha mahali lilikotoka jibu. Walimu kadha wa kadha wametaka kujua kama chombo hiki chafaa kwa kazi yetu ya kuchunguza lugha na mila. Twajibu kwamba chafaa, tena chafaa sana, kwa sharti moja: jibu lake lihesabiwe kuwa dalili ya njia ya kutupeleka kwenye ukurasa, lisihesabiwe kuwa ushahidi wenyewe. Katika makala haya twataka kueleza kwa nini sharti hilo halina budi kushikwa, na namna ya kulishika.

JINA LAKE

Kwanza tutazame jina. Katika Tanzania twasikia zaidi akili mnemba. Wengine husema akili bandia, na huko Kenya wako wasemao akili unde. Kila jina lina upande wake. Neno bandia latukumbusha mwana wa bandia achezewaye na watoto, mwenye sura ya mtu lakini hana pumzi. Neno unde latoka katika kuunda, kama fundi aundavyo jahazi, nalo latuonyesha kwamba kitu hiki kimeundwa na watu kwa mbao na misumari ya namna yake. Sisi tutatumia akili mnemba, kwa kuwa ndilo jina lizoeleweshwalo na wengi walio karibu nasi. Lakini yafaa msomaji akumbuke maana za hayo mengine mawili, maana zote mbili zitamfaa mbele.

KAZI YA KUTAFUTA TANGU ZAMANI

Haja ya kutafuta neno katika maandishi mengi si ngeni kwa watu wa kanisa. Katika karne ya 13, Hugh wa Saint-Cher, mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, pamoja na ndugu zake huko Paris, walitengeneza faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini, ili mhubiri akikumbuka neno moja tu aweze kuipata aya. Katika mwaka 1737 Alexander Cruden alitoa faharasa kama hiyo kwa Biblia ya Kiingereza, nayo ingali ikitumika.

Aliyeingiza mashine katika kazi hiyo ni Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia. Alitaka kujua Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha nini juu ya kuwapo. Akatafuta neno la Kilatini lenye maana hiyo, praesentia, akaona halitoshi, maana mafundisho yenyewe yalikuwa yameshikamana na kijineno kidogo in, ambacho faharasa nyingi hukiacha. Akaandika kadi 10,000 kwa mkono wake. Katika mwaka 1949 akaenda New York kumwomba Thomas Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, amsaidie kwa mashine zake. Kazi ilichukua miaka thelathini, na faharasa ya maandishi ya Mtakatifu Tomaso ikapigwa chapa katika majalada 56 kati ya mwaka 1974 na 1980.

Mambo mawili yapasa kuangaliwa hapa. La kwanza, maana hukaa mara nyingi katika vijineno visivyotazamwa. Sisi wenye -ni ya mahali, na po, ko na mo, twalijua hilo kuliko wengi. La pili, faharasa zote hizo zilionyesha mahali tu. Hazikusema neno. Msomaji mwenyewe ndiye aliyefungua kitabu, akasoma, akaamua. Chombo cha leo kinaonyesha mahali, kisha kinasema. Hapo ndipo palipo faida yake mpya, na hapo hapo ndipo palipo hatari yake.

NAMNA KIFANYAVYO KAZI

Tueleze hatua zake kwa taratibu, kwa sababu asiyejua jibu linavyopikwa hawezi kujua laweza kuharibika wapi.

Hatua ya kwanza, kurasa hupigwa picha, na programu husoma herufi zilizo katika picha na kuzigeuza kuwa maandishi. Hatua ya pili, maandishi hukatwa vipande vipande, kila kipande aya moja au mbili au zaidi. Hatua ya tatu, kila kipande hupewa safu ndefu ya tarakimu, mamia au hata maelfu, ambazo ni kama alama ya mahali pake katika uwanja wa maana. Vipande vyenye maana za karibu hukaa karibu, hata kama maneno yake si yale yale. Kipande chenye kusema “mvua haikunyesha miaka miwili” hukaa karibu na kipande kisemacho “njaa ilipoingia nchi yetu.” Hatua ya nne, swali lenyewe hupewa tarakimu za namna hiyo hiyo, na chombo huokota vipande vichache vilivyo karibu nalo kuliko vingine, labda vitano, labda ishirini. Hatua ya tano, swali na vile vipande hupewa mashine ya lugha, nayo hutunga jibu.

Njia hii ya kuokota kwanza na kutunga baadaye ilielezwa na Patrick Lewis na wenzake katika mwaka 2020, na tangu wakati huo imeenea katika vyombo vingi. Mashine ya lugha inayotunga jibu ni programu iliyolishwa maandishi mengi mno, mpaka ikajifunza ni neno gani laelekea kufuata maneno yaliyotangulia. Kwa hiyo husema kwa ufasaha juu ya jambo lo lote, liwe kweli au si kweli. Ufasaha wake si dalili ya ukweli wake.

Basi iko tofauti kubwa kati ya kuiuliza mashine ya lugha peke yake na kuiuliza ikiwa na hati mbele yake. Peke yake hujibu kwa yale iliyolishwa, bila kushika ukurasa wo wote. Katika mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani hati iliyotaja hukumu za kesi za zamani, nazo hukumu hizo zilikuwa zimetungwa na ChatGPT, hazikuwapo duniani. Mmoja wao alikuwa ameiuliza mashine kama kesi aliyopewa ni ya kweli, ikamjibu kwamba ni ya kweli. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili hao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Waliitegemea mashine kwa kuishuhudia mashine, kama mtu amwulizaye mshtakiwa awe shahidi wake mwenyewe.

Mashine yenye hati mbele yake imefungwa kwa kamba, maana hutakiwa kujibu kwa yale iliyookota. Hatari hupungua, lakini haiishi. Yaweza kuokota kipande kisichohusu. Yaweza kuokota kipande sawasawa, kisha ikaongeza neno lisilomo. Yaweza kutaja ukurasa wa kweli kwa jambo ambalo ukurasa huo haukusema. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu msomaji akiona nambari ya ukurasa moyo wake hutulia, asiende kutazama.

MATATA YA LUGHA YETU

Matata hayo ni ya lugha zote. Lakini Kiswahili kina yake, na ni wajibu wetu kuyajua kuliko wale waliokiunda chombo, ambao wengi wao hawajui lugha yetu.

Liko tata la maandishi. Vitabu vya zamani havikuandikwa kwa tahajia moja. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 yaitaja lugha yetu Suahili. Kitabu cha Velten cha mwaka 1903 chaitwa Desturi za Wasuaheli. Naye Steere alikwisha kuandika Swahili katika mwaka 1870. Waandishi wengine walitenga viambishi wakaandika “ku penda.” Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930, yaliyoandikwa kabla ya hapo yana njia nyingi. Chombo kilichozoea Kiswahili cha leo huona maneno hayo kuwa mageni, na vipande vyake huachwa nyuma.

Tena kuna lahaja. Katika maandishi ya Mombasa au Lamu, “ndoo” huenda ikawa ni “njoo” ya Unguja. Chombo kisichoonywa kitasoma chombo cha maji mahali mtu anapomwita mwenzake. Na hati za herufi za Kiarabu, kama zile zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika SOAS huko London, zina shida zaidi. Maana kwa desturi ya zamani herufi moja yaweza kusimama mahali pa p na pa b, hata mtu aweze kusoma “pata” au “bata,” akiongozwa na maana ya sentensi tu. Kazi hiyo ingali ya mtu aliyefundishwa, wala asiachiwe mashine peke yake.

Hata hati za herufi za Kizungu zilizoandikwa kwa mkono zaweza kuponza. Herufi a na u katika mwandiko wa haraka hufanana. Programu ikisoma “baba” palipoandikwa “babu,” kizazi kizima kimepotea katika nasaba ya jamaa, na hakuna alama yo yote katika jibu ya kumwonya msomaji.

Kuliko yote liko tata la maana zilizobadilika. Tuchukue neno mganga. Katika hati moja ni mtu wa dawa za miti na ramli. Katika hati nyingine ni daktari wa serikali, kama ilivyo hata leo katika cheo cha Mganga Mkuu wa Serikali. Mtu akiuliza, “Watu waliwaonaje waganga?” aweza kupewa katika aya moja hofu waliyokuwa nayo watu kwa wapiga ramli na shukrani waliyokuwa nayo kwa madaktari wa hospitali, kana kwamba ni watu wale wale.

MFANO WA MAHARI

Tutoe mfano mmoja kwa urefu. Mwalimu auliza, “Zamani mahari ilikuwa ya nani?” Ni swali jepesi kwa maneno, zito kwa mambo. Katika sheria ya Kiislamu, ifuatwayo na watu wengi wa pwani, mahari ni haki ya mke mwenyewe. Katika makabila mengi ya bara neno hilo hilo hutumika kwa ng'ombe, mbuzi, majembe au fedha ambazo baba na jamaa za bibi arusi hupewa. Pwani tena mna vipawa vingine vyenye majina yake, kama kilemba cha baba, mkaja wa mama, na ubeleko. Nacho kilemba si kimoja: ni kitambaa cha kichwani, ni kipawa cha baba wa bibi arusi, tena ni kipawa alichopewa fundi au mwalimu mwanafunzi wake alipohitimu.

Chombo kikiletewa swali hilo huenda kikaokota kipande cha Bagamoyo, na kipande cha Unyamwezi, na kipande cha Uchaga, kisha kikajibu: “Zamani mahari ilikuwa mali ya mke, nayo ilitolewa kwa ng'ombe kwa baba yake.” Kila nusu ya sentensi hiyo ni kweli mahali pake, sentensi nzima si kweli mahali po pote. Tena vipande vilivyotaja mkaja na ubeleko bila kutaja neno mahari huenda vikaachwa, au vikatiwa vyote katika kapu moja, ijapokuwa kila kipawa kilikuwa na mwenyewe na sababu yake.

Wala jambo hili si la mchezo wa wasomi. Padre, mchungaji na mwalimu huitwa mara nyingi kuketi na jamaa mbili zinazogombana juu ya mali ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 husema kwamba ndoa haiharibiki kwa sababu ya mahari isiyotolewa. Lakini magomvi juu ya mahari yangali yako, na mengi huamuliwa barazani kwa kukumbushana mila. Mtu akija barazani na karatasi safi iliyoandikwa na chombo, yenye kichwa “Mila za Wazee wetu,” nani atambishia? Mzee asiyejua kusoma atanyamaza mbele ya karatasi, na jamaa mmoja atakosa haki yake kwa mila ambayo haikuwa mila ya mtu ye yote.

Jando nalo ni vivyo hivyo. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 mpaka 1944, ajulikana kwa kulitengeneza jando la Kikristo, akishika baadhi ya mambo ya wazee na kuacha mengine. Hati za Masasi basi zina habari za jando la namna mbili. Asiyeutenga mwaka na mwandishi atapewa jando moja lililochanganywa, lenye wimbo wa huku na sala ya kule, jando ambalo halikuchezwa katika kijiji cho chote.

SAUTI ZISIZOMO

Chombo hujua yaliyomo katika hati tu. Hati zetu nyingi ziliandikwa na wanaume, na nyingi katika hizo na wageni, au na walimu waliotaka kuwapendeza wakubwa wao. Mafundisho ya unyago hutolewa na makungwi kwa wanawali faraghani, tena hukatazwa kusemwa nje. Aliyeandika juu ya unyago katika barua ya misheni mara nyingi aliandika alichosikia mlangoni. Basi chombo kikijibu, “Hati hazitaji jambo hilo,” tusiseme kwamba jambo hilo halikuwapo. Pengine aliyeandika hakuambiwa. Pengine liliandikwa, lakini kipande chake hakikuokotwa.

Kwa sababu hiyo hiyo chombo hiki hakifai kwa kuhesabu. Ukikiuliza, “Neno hili latajwa mara ngapi katika magazeti ya miaka kumi?” kitajibu kwa vipande vichache kilivyookota, si kwa mkusanyo mzima. Kwa kuhesabu tumia utafutaji wa neno kwa neno, ulio katika kompyuta yo yote, ambao ni binti wa faharasa ya Cruden. Kila kazi ina chombo chake.

Na palipo na mzee aliye hai, aulizwe mzee kwanza. Hati zitangoja, yeye hatangoja.

NAMNA YA KUULIZA

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini kuuliza ni kazi yenye ufundi wake, nasi twapendekeza kanuni hizi.

1. Taja mahali na wakati. Usiulize, “Jando lilifanywaje?” Uliza, “Katika hati za Masasi zilizoandikwa kabla ya mwaka 1914, jando laelezwaje?”

2. Usitie jibu ndani ya swali. Ukiuliza, “Kwa nini wazee walikataza wasichana kusoma?” umekwisha kusema kwamba walikataza, na chombo, kipendacho kukubaliana na mwulizaji, kitakutafutia sababu. Uliza, “Hati zasema nini juu ya wazee na kusoma kwa wasichana?” Kisha uliza tena kinyume chake: “Je, wako wazee waliowapeleka binti zao shuleni?”

3. Taka maneno yenyewe ya hati. Kiambie chombo kitoe dondoo neno kwa neno, pamoja na jina la hati, mwaka na ukurasa. Muhtasari uje baadaye.

4. Kipe chombo ruhusa ya kusema hakuna. Kiambie wazi: “Kama hati hazisemi, jibu kwamba hazisemi.” Bila ruhusa hiyo hupenda kujaza pengo.

5. Uliza kwa maneno ya zamani pia. Ukitafuta habari za mahari, uliza mara ya pili kwa kilemba, mara ya tatu kwa mkaja, mara ya nne kwa tahajia ya Kijerumani kama hati ni za wakati wa Wadachi. Aliyeandika hakujua maneno yako. Wewe ndiwe upaswaye kuyajua yake.

6. Fungua ukurasa. Soma kipande kilichotajwa, kisha aya iliyotangulia na aya ifuatayo, maana mkato wa mashine huenda umeacha neno “si kweli kwamba” katika kipande cha juu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

7. Uandikapo, taja hati, usitaje chombo kana kwamba ndicho shahidi. Kama hukuiona hati kwa macho yako, usiandike kwamba hati yasema.

Mwalimu aweza kuwafundisha wanafunzi wa darasa za juu kanuni hizi kwa zoezi moja. Wapewe kurasa kumi za gazeti la zamani wazisome kwa macho, kisha chombo kiulizwe juu ya kurasa hizo hizo, nao wakilinganishe jibu na walichosoma. Watajifunza kusoma kwa uangalifu, na watajifunza kutotishwa na maneno yaliyopangwa vizuri.

SIRI ZA WATU

Liko neno la kuonya juu ya vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya nidhamu ya kanisa. Ndani yake mna majina ya watu, majina ya baba wasiotajwa hadharani, na makosa yaliyokwisha kutubiwa. Vyombo vingi vya akili mnemba havikai katika kompyuta yetu. Hati tunazovipa husafiri kwa intaneti mpaka kwenye mashine za kampuni zilizo nchi za mbali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019. Lakini hata kama pasingalikuwa na sheria, mchungaji ajua kwamba alichoambiwa kwa amana hakipelekwi sokoni. Magazeti yaliyokwisha kupigwa chapa yawekwe; barua za watu waliokwisha kufa zamani zifikiriwe; vitabu vya watu walio hai visitiwe, isipokuwa katika mashine isiyotoka nje ya nyumba, tena kwa idhini ya wakubwa.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Kiingereza kina vitabu visivyohesabika. Kosa moja likiandikwa leo, vitabu mia vitalipinga kesho. Maandishi ya zamani ya Kiswahili juu ya mila zetu ni machache, na ya lugha za makabila yetu ni machache zaidi. Juu ya desturi fulani ya kijiji fulani huenda pana barua moja tu duniani. Mtu akichapa neno la uongo juu ya desturi hiyo, kwa kuwa aliliamini jibu la chombo asitazame barua, basi pana mashahidi wawili, mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, na yule wa uongo ndiye aliye rahisi kupatikana. Kesho mashine italishwa maandishi hayo, na kesho kutwa itawajibu wajukuu wetu kwa hayo. Hapo hapatakuwa na mtu wa kujua kwamba mila waliyofundishwa haikutoka kwa wazee.

Basi kabla ya kununua au kukopa chombo cho chote, iko kazi ya kwanza isiyotaka umeme. Hati zipangwe. Kila jalada litiwe nambari, na kila ukurasa nambari yake. Mbele ya kila jalada iandikwe: nani aliandika, wapi, mwaka gani, juu ya kabila lipi, na kama aliona kwa macho au alisimuliwa. Mchwa na maji yazuiwe. Ndipo picha zipigwe, nazo karatasi zenyewe zitunzwe, maana picha ikisomwa vibaya karatasi ndiyo itakayoamua. Shule iliyofanya hayo itapata faida hata kama haitatumia akili mnemba kamwe. Na siku itakapoitumia, itakuwa na mahali pa kulipeleka kila jibu ili lipimwe.